Stima Imerudi, Sistimu Je?



Ninaanzia Gitaru, karibu na Siakago na Kiritiri. Jumanne ya tarehe 7 Juni 2016, saa tano na dakika 29 asubuhi, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule Mto Tana unakopita chini ya Mbeere, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mitambo mingine ya kituo ikazidiwa na mzigo, nayo ikajizima. Zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mpigo mmoja, na nchi nzima ikakosa stima. KenGen wenyewe, wanaoendesha kituo hicho, ndio walioeleza hivyo. Tumbili alitoka mzima akachukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na mpaka leo habari hiyo ikitajwa watu hukumbuka tumbili. Mimi hukumbuka foleni.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kompyuta katika sacco moja ya upande huu wa Mlima Kenya, upande wa Meru na Embu, ambayo sitaitaja. Jenereta ilikataa kuwaka. Betri za akiba zilituvumilia kwa dakika chache, kisha seva ikazimika ghafla, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Stima iliporudi, taa ziliwaka, kompyuta za makarani zikafunguka, printa zikaanza kunguruma. Sistimu haikufunguka. Kwenye kioo cha seva paliandikwa kwamba inarejesha, basi. Zikapita dakika 10, zikawa 20, zikawa 50. Foleni ilitoka mlangoni, ikapita duka la dawa, ikafika kwa muuza mitumba. Cucu mmoja aliyeshuka kutoka upande wa majani chai, kitambulisho chake amekifunga kwenye ncha ya leso, alinishika mkono akaniuliza: "Kijana wangu, pesa zangu zimezimika na stima?"

Nikamwambia, "La, cucu, pesa zipo." Nilisema kweli, na nilijua kwa nini ni kweli. Nisichoweza kumweleza ni kwa nini tulikuwa tunangoja karibu saa nzima. Jioni ile nilianza kulitafuta jibu, na kutoka siku hiyo sijaacha kulisema kwa yeyote anayenisikiliza, maana linahusu kila ofisi hapa kwetu inayoandika pesa za watu kwenye mashine.

Waliolelewa na kahawa wanamkumbuka karani wa kiwanda. Alikaa kando ya mizani na vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa daftari la siku: anayefika ndiye anayeandikwa, mstari chini ya mstari, nambari ya mkulima na kilo zake. Cha pili kilikuwa leja, kitabu kinene, kila mwanachama na ukurasa wake. Foleni ikiwa ndefu, karani haigusi leja. Kufungua ukurasa wa 312, kisha wa 47, kisha wa 590, huku watu wako juani na madebe yao, ni kuwatesa. Anaandika kwenye daftari la siku, anakata risiti, anaita anayefuata. Leja ataijaza jioni. Lakini ilikuwepo sheria moja ambayo karani mwaminifu hakuivunja hata mvua ikinyesha: risiti haitoki kabla mstari haujaandikwa kwa wino.

Siku hizi mkulima wa Mungania, Rukuriri, Imenti ama Michimikuru anapimiwa majani kwa mizani ya kielektroniki, na risiti inatoka kwenye kijimashine kinachoshikwa mkononi. Vitabu viwili vya karani havijaondoka. Vimehamia ndani ya kompyuta. Hifadhidata, yaani programu inayotunza kumbukumbu hizo, ina leja yake, ambayo ni kurasa za akaunti, na kurasa hizo hubadilishwa kwanza kwenye memori, mahali pepesi panaposahau kila kitu stima ikipotea. Ina pia daftari lake la siku, ambalo mafundi huliita logi, linaloandikwa kwenye diski mstari baada ya mstari bila kurukaruka. Mashine haimwambii karani "tayari" mpaka mstari wa muamala wake ushuke kwenye diski. Sheria ni ile ile ya wino na risiti. Watu wa IBM kule San Jose, Jim Gray akiwemo, waliifanyia kazi miaka ya 1970. Mwaka 1992 C. Mohan na wenzake, nao wa IBM, wakachapisha utaratibu wa kurejesha uitwao ARIES, ambao hifadhidata nyingi za leo zimejengwa juu yake ama kando yake. PostgreSQL, ambayo ofisi nyingi zinaipenda kwa kuwa haina ada, ilipata logi ya namna hii katika toleo la 7.1, mwaka 2001.

Stima ikikatika, memori inafutika. Leja iliyo kwenye diski inabaki nyuma ya wakati, lakini daftari la siku liko kamili. Kwa hiyo mashine ikiamka hulisoma daftari na kuijaza leja upya. Ianzie wapi? Ikianzia mwanzo wa mwaka, hatutafungua mlango wiki hiyo. Ndiyo sababu kila baada ya muda hifadhidata hushusha kurasa zote zilizobadilika, kisha hupiga mstari mwekundu kwenye daftari, kama kusema: yote yaliyo juu ya hapa yamekwisha kuingia kwenye leja. Mstari huo ndio chekipointi. Tulichokuwa tunakingoja kwanza siku ile ya tumbili, mimi na cucu na wale wote waliojipanga hadi kwa muuza mitumba, ni umbali uliokuwepo kati ya mstari mwekundu wa mwisho na dakika seva ilipozimika.

Na umbali huo niliuweka mimi. Miezi mitatu kabla, kazi za mwisho wa mwezi zilikuwa zinatuchelewesha hadi usiku. Nilisoma kwamba chekipointi zikipungua mashine hupumua, nikazisogeza zikawa saa moja moja, nikaikuza na logi ili ienee. Kazi ikaenda mbio kweli. Meneja alinipa mkono. Hakuna aliyeuliza bei ya mbio hizo, na mimi mwenyewe sikuuliza.

Sitaki mtu asikie kwamba kuikuza logi ni kosa. Kuna faida ya haki kabisa. Chukua ukurasa wa akaunti ya kapu la malipo ya maziwa, ambao katika saa moja unaguswa mara 1,000. Chekipointi zikiwa mbali, ukurasa huo utashushwa kwenye diski mara moja tu ukiwa na mabadiliko yote 1,000. Zikiwa karibu karibu, utashushwa tena na tena. PostgreSQL ina jambo jingine juu ya hilo, na fundi asiyelijua hujikwaa hapo. Baada ya kila chekipointi, ukurasa ukiguswa kwa mara ya kwanza, ukurasa mzima wa kilobaiti 8 hunakiliwa kwenye logi, hata kama kilichobadilika ni shilingi 50. Hufanya hivyo kwa hofu ya kweli: stima inaweza kupotea wakati ukurasa umeandikwa nusu, na ukurasa nusu mpya nusu wa zamani hauwezi kurekebishwa kwa mstari mmoja wa daftari. Sasa mtu akiogopa foleni akaweka chekipointi kila dakika 1, logi inavimba kwa nakala za kurasa nzima, na mchana mashine inatambaa. Kipimo inachokuja nacho PostgreSQL ni dakika 5, ama logi ikikaribia gigabaiti 1, lolote litakalotangulia. Ofisi yenye kazi nyingi itahitaji kukisogeza. Swali ni hadi wapi, na jibu halimo kwenye mashine. Limo kwenye foleni.

Ninapenda namna hifadhidata nyingine mbili, Oracle na SQL Server, zinavyouliza swali hilo. Oracle hukuruhusu kutaja sekunde unazokubali kungoja baada ya kuanguka, nayo ikapanga yenyewe kasi ya kushusha kurasa. Kwenye SQL Server, tangu toleo la 2016, hifadhidata mpya huanza ikiwa imelenga sekunde 60 za kurejesha. Hapo fundi halazimiki kukisia ukubwa wa logi. Anaanza na ahadi kwa mtu aliye mlangoni, kisha mashine inafanya hesabu kurudi nyuma.

Kuna sehemu ya pili ya saa ile moja, na ndiyo iliyonishangaza. Mashine inaporejesha hupita daftari zaidi ya mara moja. Kwa utaratibu wa ARIES hupita kwanza kuangalia nani alikuwa amefika wapi, kisha hurudia yote yaliyoandikwa, kisha hutengua ya wale ambao hawakuwa wamemaliza. Stima ilipokatika, mhasibu wetu alikuwa anaingiza malipo kwa wanachama wote, na programu ilikuwa imeandikwa ifanye kazi hiyo kama muamala mmoja mkubwa: wote waingie ama asiingie hata mmoja. Ulikuwa umekwenda dakika nyingi. Kwa kuwa haukukamilika, kila mstari wake ulitenguliwa mmoja mmoja, na kutengua huchukua muda kama wa kutenda, pengine zaidi. Hifadhidata hutofautiana hapa. Oracle hufungua mlango baada ya kurudia na kuendelea kutengua chinichini. InnoDB ya MySQL nayo hivyo. PostgreSQL haina kazi hiyo wakati wa kuamka, kwa sababu nakala ya zamani ya kila mstari huachwa mahali pake hadi itakapofagiliwa. Yetu ilikuwa ya aina inayoufunga mlango hadi kutengua kuishe. Kwa hiyo hata kama ningeweka chekipointi kila dakika 5, muamala ule mkubwa ungetushika pale pale. Ninawasihi wanaoandika programu za sacco zetu: yakateni malipo ya mwezi kwa mafungu, wanachama 500 kwa 500, kila fungu likikamilika liandikwe kuwa limekamilika. Ni kazi ya siku mbili kwa mwandishi wa programu.

Hadi hapa nimesema juu ya kungoja tu. Hakuna shilingi ya mtu iliyoguswa. Ukirefusha umbali kati ya mistari myekundu, unachokopa ni muda wa watu, na deni hilo hulipwa foleni ikiisha. Kuna kipimo kingine, kimekaa karibu sana na hiki kwenye karatasi za mipangilio, mara nyingi katika ukurasa ule ule, na kinachokopwa hapo si muda.

Kipimo hicho ni cha wino. Unaweza kuiambia hifadhidata itoe risiti kabla mstari haujashuka kwenye diski. Kwenye MySQL ni tarakimu moja tu: ikiwa 1, kila muamala unashushwa kabla ya "tayari"; ikiwa 0 ama 2, kushusha hufanywa takriban mara moja kwa sekunde. Kwenye PostgreSQL unaweza kuzima kungoja huko, na unachohatarisha kwa mipangilio ya kawaida ni takriban sehemu sita za kumi za sekunde. Mashine inakuwa nyepesi ajabu. Vijana wanashangilia. Na kila niliposikia fundi akisema "ni sekunde moja tu", nimetamani awe na mimi tuitazame hiyo sekunde.

Tuitazame basi. Mwanachama yuko Maua, anatoa shilingi 3,000 kutoka akaunti yake ya sacco kwenda M-Pesa. Hifadhidata ya sacco inasema tayari, mstari bado uko memori. Ombi linakwenda Safaricom. Kabla robo sekunde haijaisha, stima inapotea kwenye sacco, lakini ombi limekwisha kutoka: simu yake inalia, pesa zimeingia. Mashine ikiamka, muamala ule haupo na haujawahi kuwepo. Akaunti ina 3,000, simu ina 3,000. Geuza upande: mwanachama ameweka akiba kwa simu, ujumbe wa sacco wa kumshukuru ameupata, na kwenye akaunti hakuna kitu. Kinachoumiza zaidi ni kwamba ukiikagua hifadhidata utaikuta safi. Mizania inalingana. Hakuna ukurasa uliochanika wala onyo lolote. Kosa linaonekana siku mtu atakapoweka taarifa ya sacco na ya M-Pesa kando kwa kando, na katika ofisi nyingine siku hiyo huwa mbali. Cucu angeniuliza swali lake katika ofisi ya namna hiyo, nisingeweza kumjibu.

Hapo hapo kuna kipimo cha tatu, kibaya kuliko vyote: kuiambia PostgreSQL isihakikishe kabisa kwamba maandishi yamefika kwenye diski. Anayefanya hivyo hapotezi sekunde moja tu. Anaweza kuamka akute leja yenyewe imeharibika isisomeke, na kilichobaki ni beki-apu ya jana, kama ipo. Nimekikuta kipimo hicho kimezimwa katika mashine ya pesa za watu, kimenakiliwa kutoka maelekezo ya mtu aliyekuwa anafanya majaribio kwenye kompyuta yake ya nyumbani.

Mtu ataniuliza: sasa mbio tutazipata wapi? Zipo, bila kuivunja ahadi. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika hufanya mizunguko 120 kwa sekunde. Ikiwa kila muamala unangoja mzunguko wake, mwandishi mmoja hapiti miamala 120 hivi kwa sekunde, hata ungenunua kompyuta ya bei gani. Ila miamala haina haja ya kusafiri mmoja mmoja. Nendeni steji ya Makutano hapa Meru muone: gari haliondoki na abiria mmoja kwenda Nairobi. Hifadhidata hufanya vivyo hivyo, miamala iliyofika pamoja hushushwa kwa safari moja, na hakuna anayepewa risiti kabla gari halijafika. Iweke logi kwenye diski yake peke yake, ya kisasa isiyozunguka, mbali na leja. Na yale yasiyo pesa yalegezwe: orodha ya nani alifungua ukurasa gani, hesabu ya jumbe zilizotumwa, usomaji wa joto la tangi la maziwa kila dakika. PostgreSQL inakubali kulegezwa muamala kwa muamala, kwa hiyo hakuna sababu ya kuilegeza nyumba nzima kwa ajili ya chumba kimoja.

Neno juu ya diski zenyewe. Zipo diski zinazosema "nimeandika" ilhali maandishi bado yako kwenye kashe, yaani memori yao ndogo. Zile nzuri za seva zina akiba ya umeme ya kuzifikisha hadi mwisho wa sentensi. Zile za bei rahisi, na nyingi zinazokuja ndani ya kompyuta za mitumba, hazina. Unaweza kuweka kila kipimo sawasawa na bado ukadanganywa na chuma. Muulizeni anayewauzia, na ajibu kwa maandishi.

Baada ya siku ile ya tumbili niliomba ruhusa nifanye jambo ambalo lilimtisha meneja. Jumapili moja mchana, ofisi imefungwa, nilichukua mashine ya pili, nikairudishia beki-apu ya Jumamosi, nikaipa miamala ya kuigiza kama ya tarehe 30, na katikati ya mzigo nikachomoa waya ukutani. Kuizima kwa utaratibu si jaribio, kwa sababu hifadhidata ikizimwa vizuri hupiga mstari mwekundu kwanza, ikaamka bila kazi. Nilikaa na saa mkononi. Dakika 52. Nikazileta chekipointi hadi dakika 10, tukaikata kazi ya malipo kwa mafungu, nikachomoa tena. Dakika 6. Kazi ya mwisho wa mwezi iliongezeka dakika chache tu jioni. Nikaenda mbele ya kamati na tarakimu hizo mbili, nikawauliza wachague wao, kwa kuwa wao ndio waliochaguliwa na wenye pesa. Mwenyekiti, mzee wa kahawa, alielewa haraka kuliko wote. Aliniuliza tu kama wino unakauka kabla ya risiti. Nikamwambia unakauka.

Tulibandika karatasi mlangoni: stima ikipotea, tutahudumia tena ndani ya dakika 10 baada ya kurudi. Niliandika 10 badala ya 6 ili nisimwambie mtu uongo.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ya nchi nzima ilipotea tena, na sehemu nyingi zikalala gizani hadi siku ya pili. Sisi tulikuwa tunaingiza malipo usiku huo, na betri ziliisha kazi ikiwa njiani. Jumamosi asubuhi, jenereta ilipowashwa, soja aliwasomea waliofika mapema ile karatasi ya mlangoni kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Mashine iliamka, ikalisoma daftari, ikakuta mafungu 18 yamekamilika. La 19 ililitengua. Mhasibu akavuta kiti, akaanza na fungu la 19.